Mama Hakimu na Kuku wa Radhi

Mtu wa kwanza kuniambia kwamba kompyuta inaweza kumfunga mtu jela alikuwa mama mmoja ambaye hata kuandika alikuwa bado anadonoa kwa kidole kimoja. Alikuwa amekaa dukani kwangu, kwenye mashine ya pembeni kabisa, karibu na dirisha, akimwandikia binti yake aliyekuwa masomoni nje ya nchi. Bila kuinua macho akaniuliza:

"Hili neno langu la siri, nani mwingine analijua?"

"Hakuna, Mama. Ni wewe peke yako."

"Na wewe uliyenitengenezea?"

"Na mimi."

"Basi tupo wawili. Siku barua zangu zikisomwa na mtu, nitajua pa kuanzia."

Nikacheka. Yeye hakucheka, akaendelea kudonoa.

Wote tulimwita Hakimu. Alikuwa amestaafu zamani, lakini Njombe nzima haikuwa imekubali. Wauza mboga sokoni walimwita Hakimu, mchungaji wake alimwita Hakimu, na watoto wa Yakobi, mtaani kwake, walidhani hilo ndilo jina alilobatizwa. Mimi nilimwita Mama Hakimu kwa sababu alikuwa wa umri wa mama yangu, na kusema kweli kwa sababu nilimwogopa. Yeye aliniita Mrangi. Wazee wangu walihamia Makambako kutoka Kondoa kwa ajili ya malori, mimi nimezaliwa pale pale karibu na reli, lakini kwake nilibaki Mrangi mpaka mwisho.

Ilikuwa miaka ile ya kila mtu kufungua kitu. Mashirika ya umma yalikuwa yanauzwa, mashamba ya serikali yanapewa wawekezaji, na Makambako kila baada ya wiki mbili unakuta duka jipya limeota mahali palipokuwa na kibanda cha chai. Baba aliniachia chumba nyuma ya duka lake la vipuri, nikaweka kompyuta, nikaandika ukutani INTANETI kwa rangi nyekundu. Mtandao ulikuwa wa polepole kiasi kwamba mteja aliweza kufungua barua, akaenda kusali adhuhuri, akarudi akakuta bado inafunguka. Lakini ulikuwepo. Wa Njombe mjini ulikuwa unakatika hovyo, ndiyo maana Mama Hakimu alipanda basi kila Jumanne akatufuata Makambako. Hakuja mikono mitupu hata siku moja. Alileta viazi kwenye mfuko wa sukari, akauweka mezani, akasema, "Vya Makete hivi, usivichanganye na vya dukani kwenu."

Kwake Yakobi nilikwenda mara nyingi baadaye. Alikuwa na sebule nzuri, viti vimefunikwa vitambaa vya kufuma, na hakuna mtu aliyewahi kukaa humo. Wageni wote walipelekwa jikoni, kwenye moto wa kuni. Alisema ni kwa ajili ya baridi. Mimi naamini ni kwa sababu mtu akikaa kwenye kigoda karibu na sufuria husahau kujipanga, akasema yaliyo moyoni. Watu walikuja na kesi zao za mipaka, za mirathi, za mabinti waliopewa mimba na walimu. Yeye alisikiliza huku anamenya viazi. Nilijifunza kumsoma kwa maganda. Ganda likitoka jembamba na refu, ujue anakufuata neno kwa neno. Likianza kutoka nene na vipande vya kiazi, umeshamdanganya na amekuchoka.

Hakupokea kitu kwa kazi hiyo. Na hakumfariji mtu. Mjane mmoja alilia pale jikoni mpaka mimi mgeni nikatamani kutoka nje, na Mama Hakimu akasubiri tu, kisu mkononi, halafu akamwambia, "Umemaliza? Sasa nieleze tena, bila mambo ya Mungu." Yule mjane alipata shamba lake. Kila Krismasi alimpelekea asali, na kila Krismasi asali ilirudishwa.

Mtu mwenye msimamo hivyo ungetegemea awe na unyoofu wa rula. Sivyo. Halmashauri ilikuwa na sheria ndogo inayokataza ng'ombe kuzurura mjini, na ng'ombe wake wa maziwa alikuwa mzururaji sugu. Mama Hakimu hakuwa na nia ya kujenga zizi imara. Kila ng'ombe alipokamatwa, alivaa vizuri, akatembea hadi ofisi ya kata, akasimama katikati ya chumba na kutangaza, "Nimekuja kukiri kosa." Makarani walikuwa wakimwona getini wanatoroka kwa mlango wa nyuma, maana nusu yao aliwahi kuwahukumu na nusu nyingine aliwahi kuwafundisha kazi. Anapenda sheria, anaivunja, halafu anafurahia kuhukumiwa. Nilimwuliza kwa nini hajengi zizi jambo likaisha. Akasema ng'ombe hajasomewa sheria ile.

Unywaji wake ulikuwa hivyo hivyo. Alikuwa Mlutheri wa kiti cha mbele, hanywi pombe, na alinieleza mara nyingi jinsi ulanzi, pombe ya mianzi, ulivyojaza magereza ya Njombe. Msimu wa mianzi ukifika, anakunywa ulanzi mtamu, ule uliogemwa asubuhi hiyo, bilauri baada ya bilauri, kwa hoja kwamba haujawa pombe bado. "Utakuwa pombe mchana," alisema. "Mchana mimi nitakuwa nimeshamaliza."

Kitu alichokichukia kuliko vyote kilikuwa kuletewa kuku.

Hapa lazima nieleze, kwa sababu bila kuku hakuna habari. Huku kwa Wabena, na kwa Wakinga kwao Makete pia, mtoto akimkosea mtu, familia haingoji kuitwa. Wazee wanajikusanya, wanachukua kuku, wanakwenda kwa aliyekosewa. Anaongea mjomba au baba mkubwa, si mkosaji. Hasemi mengi: mtoto wetu amekosa, kwa hiyo sisi tumekosa, tumekuja. Aliyekosewa akimpokea kuku, yamekwisha. Hayatajwi tena, hata ulevini. Mimi Mrangi niliona ni utaratibu wa watu wenye akili.

"Ni wa akili," Mama Hakimu alikubali. "Ndio uliokuwa unanisaidia kuwafunga."

Akanieleza huku akimenya. Mtu anaiba mbuzi, wazee wanakwenda kuomba radhi, aliyeibiwa anapokea kuku, halafu baadaye wanagombana kwa jambo jingine na kesi inafika mahakamani. Mlalamikaji anapanda kizimbani anasema, wazee wake walikuja kwangu kukiri. Wazee wanaulizwa, wanasema ndiyo, tulikwenda. Hawawezi kusema uongo kuhusu jambo kama hilo, ingekuwa aibu kubwa kuliko wizi wenyewe. "Nikawa sina kazi ngumu," alisema. "Radhi yao inanitosha. Niliwafunga watu wengi sana kwa radhi zao, Mrangi. Sasa mtu akigonga hapa kwangu ana kuku kwapani, hata wa zawadi, simfungulii."

Eliudi alikuwa mtu wangu wa kazi pale dukani, na baada ya mwaka akawa rafiki yangu. Kijana wa Yakobi, amemaliza kidato cha sita, mwepesi wa mikono, mbishi. Baba yake alishafariki, alibaki na mama yake. Mama huyo alikuwa akilima kipande cha mahindi pembezoni mwa shamba la zamani la serikali, kama walivyofanya majirani zake tangu shamba lile lianze kudorora. Likauzwa kwa kampuni. Kampuni ikaleta trekta, ikapita juu ya vipande vile vyote, mahindi ya mama yake Eliudi yakiwa yametoa mbelewele. Alipolalamika wilayani, kampuni ikajibu kwamba pale palikuwa pori tu, hapakuwa na zao lolote, na wilaya ikasema imesikia.

Hayo yangebaki manung'uniko ya Yakobi kama kampuni isingekuwa na tovuti. Kule shambani hawakuwa na simu, hivyo ofisa wao alikuja dukani kwangu kubadilisha picha na habari. Hakujua sana mashine, akawa anamwachia Eliudi amfanyie, na kwa uvivu akampa neno la siri. Siku moja Eliudi anapakia picha alizoachiwa, akakutana na uso wa mama yake. Mpiga picha alikuwa amepita Yakobi akamwomba asimame mlangoni kwake na jembe, akadhani ni mambo ya kanisa. Chini ya picha aliambiwa aandike: Mkulima aliyenufaika na mradi wetu.

Aliandika kama alivyoambiwa. Ofisa alipoondoka, akakaa. Halafu akafuta, akaandika: Huyu ni mama yangu. Hakunufaika na chochote. Kampuni hii ilimng'olea mahindi, na wakubwa wa wilaya walijua wakanyamaza.

Maneno yale yalikaa hewani siku kadhaa kabla kampuni haijajua. Vijana wa dukani walishangilia kama timu imefunga bao. Walikuwa wamesoma habari za vijana wa nchi za nje wanaoingia kwenye tovuti za makampuni na za serikali na kuacha ujumbe, wakajiona nao wamo. Mmoja akachapisha ule ukurasa, akaubandika ukutani. Kampuni yenyewe ilikuwa inamshuku mtu wa Dar es Salaam aliyewajengea tovuti, ambaye walikuwa wamegombana naye. Hakuna aliyefikiria Makambako.

Jumanne Mama Hakimu akaingia, akasoma ukuta, akaibandua karatasi, akaikunja, akaitia mkobani.

"Nani?" akauliza.

Eliudi akasimama, akamsalimia kwanza kwa Kibena. Nampenda kwa hilo mpaka leo.

"Kamwene, Mama Hakimu. Ni mimi. Lakini hakuna sheria ya kompyuta Tanzania, nimeulizia."

"Umemwuliza nani?"

"Watu wa kwenye mtandao."

"Ndio watakaokaa kizimbani badala yako?"

Vijana wakaguna. Akavuta kiti, akakaa, akaweka mkoba mapajani, na kwa mara ya kwanza nikamwona alivyokuwa kazini.

"Mimi nimekaa kwenye kile kiti miaka mingi," alisema. "Hata siku moja polisi hawakuniletea mtu wakasema, mheshimiwa, kosa la huyu halina jina, tumwachie aende. Jina linatafutwa. Ule ukurasa kuna mtu alilipwa kuutengeneza, kwa hiyo ni mali, na wewe umeiharibu mali ya watu kwa makusudi. Hiyo sheria ipo tangu Mwingereza. Umesema kampuni imeng'oa mahindi ya watu, hiyo watakuita kwenye kashfa. Umewataja wakubwa wa wilaya, hapo wataandika uchochezi. Neno la siri ulipewa kwa kazi moja ukalitumia kwa nyingine, mtumishi anayefanya hivyo ana kifungu chake. Na umwombe Mungu asiwepo mtu wa kukumbuka neno uhujumu uchumi, maana hapo dhamana utaisikia redioni."

"Lakini nilichoandika ni kweli."

"Sijakuuliza kama ni kweli. Na wao hawatakuuliza."

Akamwambia la kufanya, na lilikuwa fupi: asiiguse tena tovuti ile, asijisifu, asimwambie mtu, akiulizwa na polisi aseme atajibu mbele ya wakili. Akatugeukia sisi wengine akasema tumesikia, na tusiposikia yeye si mama yetu. Kisha akaenda kwenye mashine yake ya dirishani kuandika barua.

Hakuna aliyesema nje. Eliudi alimwambia mtu mmoja tu, mama yake, na tayari alikuwa amemwambia siku ile ile alipoandika. Alidhani atafurahi.

Mama yule hakufurahi. Alikuwa na hasira na kampuni, hasira nyingi, lakini meneja wa kampuni alikuwa mgeni wa eneo lile, ana mke, ana watoto wanaosoma na watoto wa Yakobi, na mwanawe alikuwa amelichafua jina la ofisi ya mtu mbele ya dunia nzima bila kwenda kwanza kumwambia usoni. Kwake yalikuwa mambo mawili tofauti. Mahindi ni kosa la kampuni, maandishi ni kosa la mwanawe. Akawaita wajomba wawili. Wakachukua kuku, jogoo mzuri, wakaenda wote watatu kwa meneja.

Mjomba mkubwa alinisimulia mwenyewe. Walikaribishwa vizuri, wakapewa soda. Akasema maneno yake: mtoto wetu amekukosea kwenye kompyuta, kwa hiyo sisi tumekukosea, tumekuja. Meneja, mtu wa mkoa mwingine kabisa, akawasikiliza kwa makini, akauliza jina kamili la mtoto na mahali anapofanya kazi. Wakamwambia. Akawashukuru sana, akampokea jogoo. Walirudi mioyo myeupe, wajomba wakapitia kilabuni.

Polisi walikuja dukani kwangu asubuhi iliyofuata. Walimchukua Eliudi, walichukua kompyuta zote kuwa vielelezo, hata ile mbovu niliyokuwa nawekea vikombe. Nilipofika Yakobi kupeleka habari, mjomba alikuwa hataki kuelewa.

"Lakini kuku alimpokea!" alikuwa anarudia. "Nilimkabidhi mimi, kwa mikono yangu. Alimpokea!"

Mama Hakimu alipoambiwa alikaa kwenye kigoda chake. Nilitegemea atamfokea mtu. Akasema tu, "Nilimwambia mtoto anyamaze. Sikumwambia mama yake. Nilisahau kwamba huku anayeongea ni mama."

Uhujumu hawakuukumbuka, namshukuru Mungu. Uchochezi uliandikwa halafu ukaondolewa. Likabaki la kuharibu mali, na wakili tuliyempata kutoka Iringa alikuwa na matumaini, kwa sababu kompyuta zenyewe hazikusema kitu. Polisi waliziwasha, zikawaomba maneno ya siri, wakazizima. Eliudi hakuwa amekiri popote. Kilichokuwepo ni ile ziara ya kuku. Na mwendesha mashtaka alikuwa mtu wa huku huku, alijua afanye nini. Alimwita mama yake Eliudi kuwa shahidi wa serikali.

Tulikuwa kwenye varanda ya mahakama wito ule uliposomwa. Mama wa watu akamshika Mama Hakimu mkono, akamwuliza kwa Kibena, kisha kwa Kiswahili ili nami nisikie, "Wanaweza? Mimi nimzae, halafu mimi nimfunge?"

"Wanaweza," Mama Hakimu akasema. "Mke sheria haimlazimishi kumsema mumewe. Mama hawakumkumbuka."

"Nikikataa?"

"Watakuweka ndani wewe."

"Nikisema hatukwenda?"

Mama Hakimu akauangalia mlango wa mahakama. Nilimtazama nikasubiri, kwa sababu nilitaka aseme ndiyo, danganya. Ningesema mimi kama ningekuwa na ujasiri. Yule mama mwenyewe ndiye aliyetikisa kichwa, kwamba hapana, kuku wa radhi hakanushwi.

Akapanda kizimbani, akashika Biblia. Aliongea kwa Kibena, karani akatafsiri. Mlikwenda kwa meneja? Tulikwenda. Kufanya nini? Kuomba radhi. Radhi ya nini? Akamwangalia mwanawe pale alipokaa, akasema, "Mwanangu alikosa kuandika. Ila alichoandika si kosa, mahindi yangu waling'oa, yalikuwa—"

"Jibu ulichoulizwa, mama," mwendesha mashtaka akamkatiza.

Hakimu wa siku ile, kijana, akaandika nusu ya kwanza. Katika hukumu alisema mahakama haikuitwa kuamua habari za mahindi. Eliudi akapewa mwaka mmoja.

Mama Hakimu alihudhuria kila siku ya kesi, kwenye benchi la nyuma, amevaa kama anakwenda kanisani. Siku ya hukumu aliondoka bila kuaga. Baada ya hapo jikoni kwake watu walipungua, maana alianza kuwarudisha mlangoni. Jumanne akaacha kuja, na hata mimi mashine nilikuwa sina. Kisha tukasikia amemwuza ng'ombe na kurudi kwao Iwawa, Makete, kwa mtoto wa kaka yake. Alisema ni miguu. Watu wakasema ni uzee, mimi nikasema ni aibu ya kushindwa kesi, nikamwonea huruma na kumkasirikia kwa pamoja.

Aliyebaki na mzigo ni mama yake Eliudi. Mwanzoni Yakobi walimhurumia. Kisha watu wakaanza kuhesabu kwa upande mwingine: wilaya imesema palikuwa pori, kampuni imesema palikuwa pori, mahakama haikutaka hata kusikia, sasa ni nani anayesema palikuwa na mahindi? Ni yeye peke yake. Majirani waliokuwa na vipande kama chake walishapewa vibarua na kampuni, wakawa hawakumbuki vizuri. Likatoka neno kwamba alizua mahindi ili alipwe fidia, na kwa uzushi wake akamfunga mtoto wake mwenyewe. Aliacha kwaya ya akina mama. Maji akawa anateka saa sita mchana, wakati bombani hakuna mtu.

Eliudi alipotoka jela hakuongelea jela. Alikuwa amekonda na amekuwa mtulivu, akaanza biashara ya viazi, kompyuta akawa hazitazami. Lakini hilo la mama yake lilikuwa linamla. "Mwaka wangu nimeumaliza," aliniambia. "Wa kwake hauishi."

Miaka ikapita. Siku moja nilikuwa na pikapu yangu, mimi na Eliudi tumekwenda Makete kupakia viazi vyake, tukafika Iwawa mapema, baridi imekaza. Nikamwambia twende tumsalimie Mama Hakimu. Sikujua kama atakubali. Akakubali.

Tulimkuta jikoni, mahali pengine asingekuwa. Amepungua, miguu imevimba na kuwekwa juu ya gunia, lakini kisu mkononi na viazi mapajani. Alinitambua kwa sauti.

"Mrangi. Na huyo ni Eliudi."

"Kamwene, Mama Hakimu."

Tukapewa vigoda. Aliuliza habari za Makambako, bei ya viazi, barabara. Eliudi alijibu kwa adabu, halafu akauliza kitu ambacho naona alikuwa amekibeba muda mrefu.

"Mama, ungekuwa wewe kwenye kile kiti, ungenifunga?"

Sisi sote tulikuwa tumeshamwambia kwamba kama ni sisi tungemwachia. Mama Hakimu alimaliza kiazi alichokuwa nacho, akakitia kwenye maji.

"Ningekufunga," alisema. "Kwa ushahidi ule, ningekufunga."

Eliudi akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa chenji sahihi.

"Ila mahindi yalikuwepo," Mama Hakimu akasema.

Hatukuelewa. Akaweka kisu chini.

"Siku ile ya trekta nilikuwa natoka kwa mgonjwa, nimepita njia ya juu ya shamba. Nilisimama mpaka wakamaliza. Yalikuwa mahindi mazuri, yamenizidi urefu. Mama yako alikuwa amekaa chini pembeni, khanga kichwani. Hakuniona."

Nikakumbuka benchi la nyuma, siku zote zile, na yule mama kizimbani anakatizwa, na huyu amekaa pale na macho yaliyoona. Nikamwambia, na sikutumia sauti ya adabu, "Kwa nini hukusema?"

"Isingesaidia kesi. Kweli ya mahindi haikuwa utetezi. Wakili angekwambia hivyo hivyo, na angekuwa sahihi."

"Sikuulizi kesi, Mama," Eliudi akasema taratibu. "Ingemsaidia mama yangu."

Mama Hakimu aliangalia moto. Mke wa mtoto wa kaka yake aliingia na chai, akatuona tulivyo, akaiweka chini akatoka. Moshi ulikuwa unatuuma macho wote.

"Bado anakaa pale pale?" akauliza mwishowe.

"Pale pale."

"Na wale majirani?"

"Wapo."

"Jumapili wanakutana kanisani wote?"

"Wanakutana. Yeye haendi."

Akaondoa bakuli la viazi mapajani, akaliweka sakafuni. Akajaribu kusimama, akashindwa, akajaribu tena, Eliudi akamshika mkono. Nikamwambia njia ni mbovu, pikapu imejaa viazi, na miguu yake hiyo. Tutamfikishia mama salamu na maneno yake yote.

"Maneno ya kufikishiwa hayapokelewi," alisema. "Kesho ni Jumapili. Nitaongea mbele yao, na yeye awepo. Mrangi, viatu vyangu viko nyuma ya mlango."

Nikavileta. Havikuingia vizuri kwa sababu ya uvimbe, nikapiga magoti nikavilegeza kamba mpaka mwisho, nikamvalisha.